Blanketi la Kilo Tano

Mwezi wa saba Moshi huwa na baridi ya kuudhi. Mlima unajifunika, jua linachungulia kidogo mchana na kuondoka bila kuaga, na huku Majengo akina mama wa Kibosho, Uru na Old Moshi wanateremka kutafuta mablanketi. Wakiingia dukani kwa shemeji yangu, mke wa kaka, hawaanzi na rangi wala maua. Wanalinyanyua blanketi likiwa bado kwenye mfuko wake wa zipu, wanalining'iniza kwa mkono mmoja kama mtu anayekadiria uzito wa jogoo, kisha wanatoa hukumu: "Hili jepesi, mae."

Juu ya mfuko pameandikwa kilo 5.

Siku moja nililichukua moja nikalipeleka kwa jirani anayeuza mchele, tukaliweka kwenye mizani. Kilo 4 na robo, pamoja na mfuko wake na ile karatasi ngumu yenye picha ya mama wa Kizungu aliyelala huku anatabasamu. Nikarudi dukani na hasira ya mtu aliyekamata mwizi. Shemeji alikuwa anakata risiti, hakuinua hata kichwa. "Shem," akasema, "hilo nililinunua mwenyewe Guangzhou. Nilipatana bei."

Nilidhani amenijibu kwa mkato. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa amenieleza kila kitu.

Kila anayetoka China hurudi na ushauri, na ushauri ni ule ule: Mchina akisema mia, wewe taja thelathini, akicheka, ondoka, akikuita, ongeza tano. Anayeutoa huwa na ushahidi mkononi, kwa kawaida saa, au begi la magurudumu ambalo gurudumu moja limeshaachia. Kwa mtalii anayetaka kipepeo cha hariri na sanamu ya joka ya kuweka sebuleni, ushauri huo unatosha. Kwa mtu anayekwenda kununua mzigo wa duka, ndiyo njia ya uhakika ya kurudi na mablanketi ya kilo 4.

Kosa lenyewe tunatoka nalo nyumbani, kwenye ndizi.

Nenda soko la Marangu Mtoni siku ya soko, au hapa mjini Mbuyuni asubuhi na mapema. Mama ameshusha mkungu wa mshare kutoka kihambani, shamba la nyumbani. Unamwamkia kwanza, asiyeamkia hatajiwi bei ya watu. Anasema elfu kumi na tano. Unasema kumi. Anakuuliza kama unaumwa. Mnazungumza mvua, migomba, mtoto aliyeko Dar. Unapanda hadi kumi na moja, unageuka kama unayeondoka, hatua tatu tu, maana ukienda ya nne itabidi uondoke kweli. Anakuita. Mnamalizana kwa kumi na mbili, na juu yake ndizi kisukari chache za nyongeza. Aika, mae: asante, mama.

Kuna jambo moja katika mchezo huo ambalo hakuna anayelitaja, kwa sababu kila mtu analiona kwa macho: mkungu umeshakatwa. Uko pale chini, kwenye jani. Bei ikishuka, kinachoshuka ni faida ya mama. Chane zinabaki zile zile. Tunachopatana ni namna ya kugawana faida moja kati ya watu wawili ambao wiki ijayo watakutana tena, na adabu yote iliyozunguka hapo, salamu, utani, kugeuza mgongo, ipo ili mgawanyo huo usilete ugomvi. Tumelelewa humo. Mtoto wa Majengo anajua kupatana kabla hajajua kugawanya kwa mafungu.

Blanketi la Guangzhou halijafumwa. Hilo ndilo la kwanza kulijua, na mimi nililijua mwisho.

Nilikwenda huko mara moja, kwa cheo cha mbeba mabegi. Tuliruka kutoka KIA, tukabadilisha ndege Addis Ababa, tukatua Guangzhou mwezi wa kumi. Mwezi wenyewe si wa kubahatisha. Guangzhou, ambayo zamani Wazungu waliiita Canton, ina maonyesho makubwa ya biashara yanayofanyika kila mwaka mara mbili tangu 1957, masika na vuli, katika majumba ya Pazhou kusini ya mto. Yanakwenda kwa awamu tatu: mashine na vifaa vya umeme kwanza, vyombo vya nyumbani na zawadi baadaye, nguo na vitambaa mwishoni. Anayefuata mablanketi akienda awamu ya kwanza atatazama jenereta. Tena katika wiki hizo hoteli zinapandisha bei kwa furaha isiyofichwa, kwa hiyo kama huna haja na maonyesho yenyewe, nenda kabla au baada yake. Masoko ya jumla yako wazi mwaka mzima.

Karibu mwaka mzima, niseme. Wachina nao wana Desemba yao. Mwaka mpya wao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, na hapo wafanyakazi wa viwandani wanafanya kile kile kinachofanywa na Wachagga wa Dar kila ifikapo Krismasi: wanajaza mabasi na treni na kurudi kihambani. Kiwanda kinafungwa wiki kadhaa. Aliyelipa malipo ya awali Januari akitarajia mzigo Februari atapata nafasi ya kutosha ya kujifunza subira. Shemeji huagiza mablanketi mwezi wa kumi ili yafumwe na kupakiwa kabla ya hapo, meli ichukue mwezi na siku zake hadi Dar, na mzigo uwe Majengo kabla ya baridi. Bidhaa za Desemba, nguo za watoto na vyombo vya wageni, zinataka mtu awe ameshaondoka Moshi mwezi wa saba. Ukimwona mtu anapanda ndege Novemba akisema anafuata mzigo wa Krismasi, huyo labda ni Krismasi ya mwaka unaofuata.

Ukifika, simu yako inakuwa yatima. WhatsApp na Google zimezuiwa, na mji mzima unaishi ndani ya WeChat: humo wanazungumza, humo wanalipa, humo wanatumiana picha za katoni. Ipakue na uisajili ukiwa bado Moshi, na uunganishe kadi ya benki. Tangu 2023 mambo yamelegezwa na kadi za wageni zinakubaliwa humo. Fedha taslimu bado ni halali, ila ukitoa noti ya yuan mia kulipia chai, muuzaji anaitazama kama umemletea gamba la kobe.

Masoko yamegawanyika kwa bidhaa, mtaa kwa mtaa. Nguo za jumla ziko Baima, karibu na kituo kikongwe cha treni, na Shahe. Saa ziko Zhanxi. Mabegi na pochi ni Guihuagang. Vitambaa vya mita ni Zhongda, jirani na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Wanaotaka vigae na fanicha wanatoka nje ya mji hadi Foshan, na mwenye duka la vikorokoro, vibanio, chaja, vikombe, maua ya plastiki, ni afadhali achukue treni hadi Yiwu mkoa wa Zhejiang, kwenye soko ambalo kulitembea lote ni kazi ya siku nyingi na viatu vya kubadilisha. Waafrika kwa muda mrefu wamekusanyika Xiaobei na Sanyuanli. Walikuwa wengi zaidi zamani. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamelipia, na baadhi ya waliokwenda zao hawakurudi.

Kuna mtaa mmoja wa nguo unaoitwa Shisanhang, na jina lake ni somo zima la historia. Maana yake ni nyumba kumi na tatu za biashara. Kuanzia 1757 hadi 1842 mfalme wa Kichina aliwaruhusu wafanyabiashara wa Ulaya waliokuja kwa bahari kutumia bandari hii moja tu, wakae kwenye ukanda mwembamba kando ya mto kwa msimu wa biashara, na wasinunue chochote isipokuwa kupitia wafanyabiashara wa Kichina wenye kibali. Meli zikaja na fedha, zikaondoka na chai na hariri, na mwenye meli hakukutana kamwe na aliyechuma chai yake. Bei aliyotajiwa ilikuwa ya mtu wa kati.

Sisi hatukukatazwa na mfalme yeyote, lakini wengi wetu tunanunua vile vile. Mtu wa kati wa leo anaitwa wakala; mara nyingi ni Mtanzania mwenzetu aliyesoma huko, anayejua Kichina, mcheshi, mwenye simu mbili. Anakupokea uwanja wa ndege, anakutafutia hoteli, anakupeleka dukani na kukutafsiria. Ni msaada mkubwa. Swali ni nani anamlipa. Akikuambia hutamlipa kitu, basi analipwa na mwenye duka, na kilichomo ndani ya bei yako ni chakula chake cha mchana na cha mwezi mzima. Mpe posho ya siku, mkubaliane mapema, ulale usingizi. Profesa mmoja wa Kijapani, Ogawa Sayaka, aliwachunguza machinga wa Mwanza na kuandika kitabu, kisha mwaka 2019 akatoa kingine kuhusu Watanzania wanaofanya udalali kwenye jengo la Chungking Mansions, Hong Kong. Ujanja wetu umesomwa na Wajapani kwa vitabu viwili. Sisi tunaendelea kuusimulia kwenye kahawa.

Bei ya kweli ya kontena, hata hivyo, haipatikani kwa wakala. Inapatikana nje ya nyumba za ibada. Ijumaa watu wa Majengo wanakwenda kwenye msikiti ulio kando ya kaburi linalonasibishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas, na baada ya swala, penye harufu ya mishkaki ya kondoo, utasikia nani anakusanya mzigo wa Dar wiki hii na anatoza kiasi gani kwa mita ya ujazo. Jumapili ni zamu ya Wakatoliki, kwenye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu, lililokamilika 1888. Mtu wa Kibosho akiliona anajisikia nyumbani. Baada ya misa ya Kiingereza mazungumzo ni yale yale, tofauti ni mishkaki.

Sasa blanketi.

Duka lilikuwa ghorofa ya pili, upana wa chumba cha kulala, limejaa sampo hadi darini. Mwenyewe aliitwa laoban. Kila mwenye duka China anaitwa laoban, yaani bosi, hata kama bosi huyo ana umri wa miaka kumi na tisa na anakula tambi. Halikunishangaza. Sisi ndio tulioipa nchi nzima neno Mangi, kutoka kwenye kiti cha machifu wa Kichagga hadi kwenye kila kibanda cha sigara cha Dar es Salaam.

Alimuuliza shemeji neno moja la Kiingereza: nchi? Shemeji akasema Tanzania. Laoban akaitikia kwa kichwa na kuondoka kwenye rafu aliyokuwa amesimama, akaenda kwenye rafu nyingine. Niliona, sikuelewa. Baadaye nilijifunza kwamba swali hilo si la kufahamiana. Kiwanda kimoja kinafuma blanketi la Ulaya, la Uarabuni na la Afrika kwenye mashine zile zile, na mwenye duka anataka kujua aanzie wapi. Anayejibu haraka ameshachagua rafu.

Akatoa blanketi zuri, zito, lenye maua ya waridi mekundu. Shemeji akalibeba, akalinusa, akavuta manyoya yake kuona kama yanatoka. Kilo 5. Laoban akabonyeza kalkuleta: 85. Shemeji akaichukua, akabonyeza 50. Laoban akacheka, akamwita mkewe aje kuona. 82. Shemeji 55. Kalkuleta ilikwenda na kurudi kama sahani ya sadaka. Katikati, laoban akachoka na vitufe, akanyoosha kidole gumba na cha shahada, vingine amevikunja. Nikamnong'oneza shemeji kwamba anasema atapunguza mbili. Shemeji akanikanyaga mguu. Kwa Wachina ishara hiyo ni nane. Gumba na kidole kidogo ni sita. Na kumi ni vidole viwili vilivyopishana kama msalaba. Anayehesabu vidole kwa Kiswahili atanunua vitu ambavyo hajaviona.

Tulifika 68. Shemeji alikuwa amefanya kila kitu: amesema *tai gui le*, ghali mno, amegeuka, ametembea hatua zake tatu, ameitwa. Laoban alitikisa kichwa kama aliyefiwa, akasema sawa, sawa. Akaandika kwenye karatasi ya oda: blanketi, waridi, rangi nne, idadi, 68. Asilimia 30 mkononi, 70 mzigo ukiwa tayari. Tulitoka hapo tukiwa washindi, tukaenda kununua machungwa ya kusherehekea, na hapo nikajifunza kwamba bei ya matunda huko hutajwa kwa *jin*, ambayo ni nusu kilo. Nilikuwa nimelipa mara mbili ya nilichodhani. Ilikuwa dalili, ila siku hiyo hatukuwa watu wa kusoma dalili.

Katoni zilipofunguliwa Majengo, miezi kadhaa baadaye, shemeji alilibeba blanketi la kwanza akalirudisha chini bila kusema neno. Alimpigia laoban kwa picha, programu ya kutafsiri ikiwa katikati. Laoban hakuwa mkali wala hakukana. Jibu lake likaja kwa Kiswahili cha mashine: "Bei yako ina blanketi hili."

Hesabu niliifanya mwenyewe kwenye benchi la duka, nyuma ya daftari la madeni. 85 gawanya kwa 5 ni 17. 68 gawanya kwa 17 ni 4. Robo kilo iliyobaki ni mfuko na yule mama wa Kizungu. Ile saa nzima ya kalkuleta kwenda na kurudi, kucheka, kuitwa mke, kuondoka na kuitwa, bei haikushuka hata senti moja. Ilianza yuan 17 kwa kilo ikaisha yuan 17 kwa kilo. Tulichokuwa tunapatana ni uzito wa blanketi, na hakuna aliyetuambia, kwa sababu kwa laoban jambo hilo lilikuwa wazi mno kusemwa, kama ambavyo kwa mama wa Marangu ni wazi kwamba mkungu umeshakatwa.

Je, alituibia? Mimi nasema ndiyo, kwa sababu mfukoni pameandikwa 5. Shemeji anasema nusu nusu. Anasema laoban aliulizwa bei tu, akajibu bei.

Hatukuhitaji kwenda mbali kulijua hili. Kila siku Moshi mjini mgeni anakaa kwenye ofisi ya kupandisha watalii mlimani na kuzichezesha kampuni tatu hadi bei ya safari inaanguka kwa dola mia kadhaa. Anatoka akiwa mshindi kama sisi. Ada za hifadhi zimepangwa na hazina mapatano; anayezikusanya haitwi mae. Kwa hiyo kilichopunguzwa kinatafutwa mahali pengine: kwenye ujira wa wapagazi, kwenye mahema yao, kwenye idadi ya milo, kwenye kilo 20 zinazogeuka kuwa zaidi pindi lango likishapitwa. Tangu 2003 kuna shirika hapa Moshi, KPAP, linalofuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wapagazi, na kazi hiyo haijawahi kukosa wateja. Mgeni akifika kilele cha Uhuru haoni kilichopungua. Yuko juu, anapiga picha. Sisi tunaojua vizuri kabisa dola zile mia zilitoka mgongoni kwa nani, tunapanda ndege kwenda Guangzhou na kushangaa blanketi likija jepesi.

Na ndipo neno "Mchina" linaponikera. Huku tunalitumia kwa maana ya feki: simu ya Mchina, kufuli la Mchina, soli ya Mchina iliyoachia siku ya harusi. Lakini kontena la soli hizo halikujileta. Kuna mtu wetu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, akabonyeza kalkuleta, akasema punguza, punguza, punguza tena, na fundi akatii. Kiwanda kile kile kinashona kiatu kinachovaliwa Ujerumani miaka mitano.

Wengi wa Majengo, hata hivyo, hawafiki Guangzhou. Kwao mji mkubwa wa China ulio karibu zaidi ni Kariakoo ya Dar. Wanapanda basi la usiku, wananunua kwa dazani, mzigo unarudi na lori. Wengine wanapitia Holili kwenda Taveta na mbele hadi Eastleigh ya Nairobi. Miaka ya karibuni Wachina wenyewe walifika Kariakoo na kufungua maduka, mnunuzi akawa anapatana na laoban bila pasipoti. Wenye maduka wazawa wakapiga kelele, na Julai 2025 serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za jumla na rejareja ukiacha supamaketi. Wakati huo huo pale Ubungo, ilipokuwa stendi kuu ambapo watu wa Moshi wa rika langu walishuka na magunia ya ndizi, umesimama mjengo mkubwa wa biashara wa mtaji wa Kichina. Mlango mmoja umefungwa, mwingine umepakwa rangi.

Anayekwenda mwenyewe na akakosa mzigo wa kujaza kontena atachangia na wenzake. Anayekusanya anatoza kwa mita ya ujazo, kodi ndani yake, na unapokea katoni zako Dar bila kuona forodha. Raha tupu, hadi siku watu wa mapato, TRA, wakiingia dukani na kuomba hati za uingizaji. Hati ipo moja na ina jina la mkusanyaji. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, kodi na ukaguzi wa namna hiyo vilitawala kikao. Omba nakala ya hati kabla hujalipa. Akisema haitolewi, jumlisha hatari hiyo kwenye bei yake.

Shemeji amekwenda tena mara mbili bila mimi; inasemekana nilikuwa nakula sana. Siku hizi haulizi bei ya blanketi. Anauliza bei ya kilo, na hapo ndipo anapopatana, kwa sababu kilo haipungui. Vipimo vyote anavitaka kwenye karatasi ya oda, upana, urefu, uzito bila mfuko, na picha ya karatasi hiyo inakaa kwenye simu. Anakata kipande cha sampo mara mbili, kimoja kwake, kimoja kwa laoban, sahihi za wote wawili zikiwa juu yake. Kwenye pochi ana mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia mabegi ya ndege. Ile asilimia 70 haitoki hadi mtu wake afungue katoni, na si zile za juu zinazongojea kufunguliwa, bali za katikati ya rundo. Laoban, kwa maelezo yake, anamheshimu zaidi. Anampa chai sasa.

Shemeji akaleta mablanketi ya kilo 5 ya kweli. Akayaweka rafu moja na yale ya kilo 4 yaliyobaki, na kwenye kila mfuko akaandika uzito halisi kwa kalamu ya wino mzito. Kisha nikakaa kwenye benchi kutazama uadilifu ukilipwa.

Mama wa kwanza alitoka Uru. Akanyanyua la kilo 5, macho yakaangaza: "Hili ndilo blanketi." Akanyanyua la kilo 4. Akauliza bei zote mbili. Akalirudia lile zito, akalipapasa, akalisifu tena kwa Kichagga, akamwita mwenzake aje alishike. Halafu akaweka la kilo 4 kwenye kikapu na kusema, "Punguza elfu tatu." Siku ile yaliuzwa saba mepesi na mawili mazito. Shemeji hakushangaa. Ada ya shule na blanketi hutoka kwenye pochi moja.

Kwa hiyo mwezi uliopita laoban alipotuma picha ya maua mapya na kuuliza safari hii kilo ngapi, shemeji aliandika: nusu kilo 5, nusu kilo 4, na yale ya 4 mfuko uchapishwe 4. Jibu lilichelewa, huko ilikuwa usiku wa manane. Likaja asubuhi tukiwa tunafungua duka. Mifuko yote ya Afrika, alieleza, imeshachapishwa 5. Hakuna mteja mwingine aliyewahi kuomba 4. Anaweza kufanya, ila itabidi kutengeneza chapa mpya, na kila mfuko utaongezeka mao tatu, senti thelathini za yuan.

Shemeji aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaandika: *pianyi yidian*, punguza kidogo.